Maana ya mogyoktang: bafu la umma la Wakorea na suala la nongo

Mogyoktang ni neno la Kikorea linalotaja nyumba ya kuogea ya umma, ambamo watu hulipa kiingilio, huvua nguo zote na kuoga pamoja, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Mtu anaweza kuiita hamamu bila kukosea sana, ila hamamu hutufanya tufikirie mvuke kwanza, ilhali kinachowapeleka Wakorea mogyoktang hasa ni kitu ambacho Kiswahili, kwa bahati njema, kina jina lake kamili: nongo. Wao huiita ttae, yaani ule uchafu uliochanganyika na ngozi iliyokufa, ambao hujiviringa kama vijiuzi vya kijivu mwili uliolowa unaposuguliwa. Mgeni asiyelielewa neno hilo huona watu uchi na maji ya moto tu.

Mlangoni viatu huwekwa katika kijikabati, na ufunguo wa kabati la nguo huvaliwa mkononi. Nguo za kuogelea hazivaliwi. Aibu ya mgeni huanzia hapa, na sioni sababu ya kumcheka, kwa maana kwa wengi wetu kuvua nguo mbele ya mkwe au mtu wa makamo ya mzazi ni jambo lisilosemeka. Hata hivyo, aibu hiyo hupungua upesi mgeni akigundua kwamba hakuna anayemtazama.

Kinachotazamwa ni iwapo ameoga kabla ya kuingia majini. Desturi ni kuketi kwenye kigoda cha plastiki, kujiosha mwili mzima na kufunga nywele, ndipo mtu aingie katika mabirika ya pamoja, ambayo huwa na joto tofauti: la vuguvugu, la moto unaoweza kupita nyuzi 40, na la baridi. Kujiloweka huko si starehe tupu, bali ni maandalizi, kwa kuwa ngozi isiyolainika haitoi nongo.

Baada ya hapo huja kusuguliwa. Kifaa chake ni glavu ndogo yenye kukwaruza, mara nyingi ya kijani, inayoitwa taulo la Italia ingawa ilibuniwa Busan, Korea, katika miaka ya 1960. Inaelezwa kwamba jina hilo lilitokana na kitambaa chake, kilichotoka Italia. Mtu hujisugua mwenyewe, au humlipa seshinsa, ambaye kazi yake ni kusugua watu. Mteja hulala kwenye meza iliyofunikwa kwa plastiki, akageuzwa chali, ubavu na kifudifudi kwa ishara ya kofi jepesi, huku akimwagiwa maji kila mara. Hapa ndipo aibu ya pili humfika mgeni, nayo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko ile ya uchi: aliyeoga kila siku ya maisha yake huiona nongo yake mwenyewe ikirundikana mezani. Seshinsa hashangai.

Mabafu ya umma ya namna hii yalienea tangu enzi ya utawala wa Japani (1910–1945), na kwa miongo mingi nyumba nyingi zilikosa bafu lenye maji ya moto, hivyo familia zilikwenda mara moja kwa juma, na hasa kabla ya sikukuu za Seollal (mwaka mpya wa Kikorea) na Chuseok (sikukuu ya mavuno). Nyumba zilipopata mabafu yake, mogyoktang nyingi zilifungwa.

Neno lisichanganywe na jjimjilbang, ambayo ilishamiri katika miaka ya 1990. Humo mna sehemu ya kuogea kama hii, lakini pia kumbi za joto ambamo wanaume na wanawake hukaa pamoja wakiwa wamevaa fulana na kaptula, wakala mayai ya kuokwa, wakanywa sikhye, kinywaji kitamu cha wali, na hata kulala usiku kucha sakafuni.

Katika mogyoktang ya mtaani, mgeni anaweza kumwona mzee aliye jirani yake akimnyoshea glavu na kumgeuzia mgongo. Haombi jambo la ajabu: anataka wasuguane migongo, kwa kuwa hapo katikati mkono wa mtu mwenyewe haufiki.