Mhadhiri wa fedha na makala za bakteria

Unafungua ukurasa wa mhadhiri wa fedha kwenye Google Scholar, tovuti inayoorodhesha makala za watafiti na mara zilizonukuliwa na wengine. Makala ya kwanza inahusu urejeshaji wa mikopo ya SACCO, ya pili bakteria wa maziwa wasiosikia dawa, ya tatu tena benki. Kwenye kundi la WhatsApp wengine wanasema huyu bwana ana kichwa, wengine wanasema ni mwizi. Wote wamekimbilia hukumu.

Mara nyingi kosa ni la mashine. Mwenye ukurasa akiruhusu makala ziongezwe zenyewe, mfumo hukusanya chochote kinachofanana na jina lake, na majina yetu Uganda yanauchanganya vibaya. Kwa kabila la Waganda (Baganda), mapacha wa kiume ni Wasswa na Kato, nyumba yoyote ile, na anayewafuata ni Kizza. Kaskazini, kwa Walango na Waacholi, utakuta Opio na Ocen, kisha Okello. Sasa lifupishe jina hadi "Kato J." kama majarida yafanyavyo, uhesabu ni wangapi waliopita Makerere, Mbarara na Gulu wanaoingia humo. Tena wengi wetu tunatanguliza jina la kiasili na kumalizia na la dini, jarida likigeuza mpangilio Kato Joseph anakuwa "Joseph K."

Kujua ukweli hakuhitaji utaalamu. Fungua makala yenyewe, soma chuo na idara iliyoandikwa chini ya jina, tazama aliandika na nani. Kama wenzake wote wako maabara ya mifugo, huyo ni Kato mwingine. ORCID, namba ya utambulisho ya mtafiti yenye tarakimu 16 inayotolewa bure tangu 2012, ilibuniwa kwa ajili ya shida hii hasa. Na mwenye ukurasa ana kitufe cha kufuta. Anayeona makala za mwenzake na kuziacha kwa sababu zinampandishia namba za nukuu, huyo mimi siwezi kusema amepitiwa.

Lakini wapo pia wanaosema mtu hawezi kuandika kihalali pande zote mbili. Anaweza. Robert May, aliyefanya kazi kubwa ya kuonyesha kihesabu jinsi magonjwa yanavyoenea, aliandika mwaka 2011 katika jarida la Nature pamoja na Andrew Haldane wa Benki Kuu ya Uingereza, wakieleza jinsi benki moja inavyoweza kuangusha nyingine.

Kuna pia madai matatu ya kawaida kuhusu nukuu. La kwanza: "Mwenye nukuu nyingi ndiye bora." Ndani ya fani moja, labda. Kati ya fani mbili, hapana kabisa. Makala ya mikrobiolojia huwa na waandishi wengi na marejeleo mengi. Ya fedha mara nyingi huwa na waandishi wachache, na huweza kukaa kwa wahakiki miaka. Kipimo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch: ukiwa na makala 10 zilizonukuliwa angalau mara 10 kila moja, h yako ni 10. Hirsch mwenyewe alionyesha kwamba vinara wa biolojia wana h kubwa kuliko wa fizikia. Halafu kuna makala za mbinu: ile ya Lowry na wenzake ya 1951, kuhusu kupima protini, imenukuliwa zaidi ya mara 300,000 kwa sababu kila maabara iliitumia.

La pili: "Kunukuliwa ni kusifiwa." Mwaka 2010 wachumi Reinhart na Rogoff waliandika kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi, mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst akafichua kwamba fomula yao ya Excel iliruka nchi tano. Mwaka huohuo wa 2010 bakteria wa Mono Lake, ziwa la Marekani, walidaiwa kuishi kwa aseniki badala ya fosforasi. Dai likapingwa, na mwaka 2025 jarida la Science likaiondoa makala. Kila aliyeandika kuwapinga aliwaongezea nukuu.

La tatu: "Isiyonukuliwa haina maana." Hapa tuna mfano wa nyumbani. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano walipata kirusi kipya kwenye damu ya kima aina ya rhesus waliyemfungia kwenye kizimba juu ya mti. Makala ilitoka mwaka 1952. Kwa miongo mingi ilibaki kuwa ya wataalamu wachache. Ugonjwa wa Zika ulipolipuka Brazil mwaka 2015, na WHO ikatangaza dharura Februari 2016, nukuu zikamiminika. Hakuna neno lililobadilika ndani ya makala. Kamati ya kupandisha vyeo iliyoketi mwaka 1965 ingeipa alama ngapi?

Na usishangae ukikuta namba tatu tofauti kwa mtu mmoja. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti zilizopakiwa mtandaoni, ilhali hifadhidata nyingine za makala, Scopus na Web of Science, huchagua majarida, kwa hiyo za kwao karibu kila mara huwa ndogo.