Parkinson: Kugeuka Kunasema Mengi Kuliko Kutetemeka

Ukimtajia mtu ugonjwa wa Parkinson, picha ya kwanza kumjia ni mkono unaotetemeka. Kazi yangu ni kuchambua data za sensa, yaani vifaa vidogo vya kupima mwendo, wanazovaa wagonjwa hawa, na katika dalili zote, kutetemeka ndiko kunakonisaidia kidogo kabisa ninapotaka kujua ugonjwa umefika wapi. Si kwamba hakuonekani. Kunaonekana mno: mkono uliotulia juu ya paja hutetemeka mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na mdundo huo ukiuona kwenye grafu ya akselerometa, sensa inayopima mabadiliko ya kasi, huhitaji kompyuta kukuambia ni nini. Shida ni kwamba una tabia zake. Mgonjwa akiingiwa na wasiwasi unazidi, akinyanyua kikombe mara nyingi unapungua, akilala unakoma. Wapo wagonjwa wasiotetemeka hata kidogo, na wapo ambao mkono umebaki vilevile miaka nenda miaka rudi huku kutembea kwao kukizorota. Tena saa ya mkononi huweza kudhani mtu anatetemeka kumbe anapiga mswaki.

Kinachoendana zaidi na kupungua kwa dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo, ni mwili kuwa mzito. Mkono mmoja unaacha kupunga wakati wa kutembea, hatua zinafupika, kuinuka kitini kunachukua muda. Na kugeuka.

Kugeuka nakupenda kuliko vipimo vyote. Mtu mwenye afya akifika mwisho wa ukumbi hugeuka kwa hatua chache tu: kichwa kinatangulia, kifua kinafuata, kiuno kinamalizia. Ukimfunga sensa kiunoni, jairoskopu, ambayo hupima kasi ya mzunguko, inachora kilima kimoja kirefu na chembamba. Kwa mwenye Parkinson kilima hicho kinashuka na kutanuka, na juu yake yanatokea manundu madogo. Kila nundu ni hatua moja aliyolazimika kuiongeza. Ukiweka na sensa nyingine kifuani unaona kifua na kiuno vinageuka kwa pamoja, kama vimeunganishwa. Hayo yote yako ndani ya sekunde chache, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajui kwamba kuna kilichobadilika.

Madaktari nao wana kipimo chao, MDS-UPDRS, kilichotolewa kwa sura yake ya sasa mwaka 2008. Sehemu yake ya tatu ndiyo inayohusu mwendo: alama 33, kila moja kuanzia 0 hadi 4, jumla 132. Daktari anamwambia mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara 10, haraka na kwa upana awezavyo, kisha anatoa alama kwa jicho. Sikidharau kipimo hiki. Ukakamavu wa misuli, kwa mfano, daktari anaupata kwa kuushika mkono wa mgonjwa na kuukunja, na hakuna saa inayoweza kufanya hivyo. Lakini kati ya alama 1 na 2 pana nafasi kubwa, mgonjwa anaweza kushuka mwaka mzima bila kuvuka mpaka huo, na madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana juu ya mkono uleule.

Ndiyo maana utafiti wa Oxford uliochapishwa 2023 ulinivutia. Wagonjwa 74 walipimwa kila baada ya miezi 3 kwa muda wa hadi miezi 18, wakiwa na sensa 6 mwilini, wakitembea na kusimama wima. Vipimo 122 vya mwendo vilitolewa kwenye data hizo na kupelekwa kwenye modeli, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano, na iliyofanya vizuri ni ile iliyojengwa kwa miti mingi ya maamuzi. Ndani ya miezi 15 modeli ilionyesha wazi kwamba wagonjwa wamezorota, ilhali alama za madaktari kwa watu walewale hazikuonyesha badiliko lolote la maana.

Hapo pana jambo la kushangaza kidogo. Modeli ile ilifundishwa kukadiria alama hizohizo za madaktari. Mwanafunzi alimzidije mwalimu? Ni kwa sababu makosa mengi ya mwalimu hayana mwelekeo: leo amezidisha, kesho amepunguza. Modeli ikiona mifano mingi, makosa hayo yanafutana, na kinachobaki ni uhusiano kati ya mwendo na ugonjwa. Lakini kama mwalimu ana upendeleo wa kudumu, tuseme anawapa wazee alama za juu kwa kuwa tu ni wazee, modeli inaubeba upendeleo huo bila kuuliza. Halafu, matokeo yale ni ya kundi. Kwa majaribio ya dawa, kundi linatosha. Kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yako, ni habari nyingine kabisa.

Ugumu wa mgonjwa mmoja unaletwa zaidi na dawa. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ikishika, mgonjwa anatembea vizuri. Ikiisha nguvu, baada ya saa chache, anarudi kuwa mzito. Kwa aliyeugua miaka kadhaa, tofauti ya asubuhi na mchana wa siku moja inaweza kuzidi tofauti ya mwaka huu na mwaka jana. Ni kama kutaka kujua bahari imepanda kiasi gani katika miaka 10 huku maji yakijaa na kupwa kila siku mbele ya macho yako. Kipimo kimoja cha kliniki kinakuambia tu umefika saa ngapi. Unahitaji siku nyingi za kuvaa sensa, na unahitaji saa ya kila dozi iandikwe, ili ulinganishe saa bora na saa bora, saa mbaya na saa mbaya. Bila kumbukumbu ya dawa, mimi hata sianzi.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Dozi ikizidi, baadhi ya wagonjwa huanza kujinyonganyonga bila kutaka. Programu inayohesabu tu wingi wa miondoko itafurahi: mtu huyu anajongea zaidi, amepata nafuu! Na daktari akiongeza dawa kwa usahihi, mwendo utaboreka kweli huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Hakuna algoriti ya kutenganisha nafuu ya dawa na hali ya ugonjwa wenyewe kwa kutazama mwendo peke yake.

Swali la kugundua ugonjwa mapema linapendwa sana na vyombo vya habari, kwa hiyo niligusie. Kwenye UK Biobank, hifadhi ya data za afya ya Uingereza, zaidi ya watu 100,000 walivaa akselerometa mkononi kwa siku 7 kila mmoja, kuanzia 2013. Uchambuzi uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba waliokuja kuambiwa wana Parkinson walikuwa wameanza kupunguza mwendo miaka kadhaa kabla, hata 7. Ni kazi nzuri. Ila piga hesabu: tuseme kati ya watu 10,000 wagonjwa ni 20, na kipimo chako kiko sahihi kwa asilimia 90 kwa wagonjwa na kwa wazima. Utawapata wagonjwa 18, na utawatisha wazima 998.

Nikisoma makala inayotangaza usahihi wa asilimia 99, naruka moja kwa moja hadi pale wanapoeleza walivyogawa data. Rekodi ya kutembea hukatwa vipande vya sekunde chache. Vipande vya mtu mmoja vikiingia kwenye mafunzo na kwenye mtihani pia, modeli haina haja ya kujua ugonjwa. Inamtambua mtu kwa mwendo wake na kukumbuka kwamba alikuwa mgonjwa. Mwaka 2019 watafiti walionyesha jambo hili waziwazi kwa data za mPower, mradi uliokusanya rekodi za simu kuanzia 2015. Vipande vyote vya mtu mmoja viingie upande mmoja tu. Kwenye kufuatilia ugonjwa majibu huvujia kwenye modeli kwa njia mbaya zaidi, kupitia wakati wenyewe: kama programu ya sensa ilisasishwa katikati ya utafiti, data za ziara zote za mwanzo zina mhuri mmoja na za mwisho mwingine, na modeli itakuonyesha "kuzorota" kuzuri sana ambako hakumo mwilini mwa yeyote.

Kwa sababu hizo napendelea kipimo kimoja kinachoeleweka kuliko mtandao mkubwa wa neva wa kompyuta usioeleza kitu. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipokubali mwaka 2023 kipimo cha sensa kiwe kigezo kikuu kwenye majaribio ya dawa za Duchenne, ugonjwa wa misuli wa watoto, ilikuwa ni kasi ya hatua za haraka kabisa za mtoto nje ya kliniki. Namba moja, inayoelezeka kwa mzazi. Kwa Parkinson, ningeweka dau langu kwenye kasi ya kugeuka.

Na wagonjwa wanaoniuliza kama wanunue saa: haitakuambia ugonjwa umesogea kiasi gani. Ukishakuwa nayo, andika saa ya kila dozi, saa unapohisi dawa imeisha, na kila unapoanguka, kwa wiki moja kabla ya kwenda kliniki. Ivae mkono uleule kila siku, ule ulioathirika zaidi. Dozi usiiguse kwa sababu ya grafu. Mpelekee daktari karatasi hiyo.