Nyota manyoya sio ua la bahari, acheni kumng'oa

Likizo imefika na malalamiko yameanza tena, safari hii ni kuhusu watu wanaopanda boti Watamu na Kisite, huku pwani ya Kenya, wanazama na miwani alafu wanaibuka wameshika nyota manyoya mkononi wapigwe picha.

Huyu ni mnyama jamani. Tumelisema hili mara nyingi na bado mwongoza watalii anamwambia mgeni wake "hilo ni ua". Wale wa darasani mnamjua kama krinoidi, ukoo mmoja na kiti cha pweza na jongoo bahari, na mababu zake walikuwa baharini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, kabla dinosa hata mmoja hajatokea. Mdomo umeangalia juu, mikono inaanza mitano inagawanyika, kuna aina zinafika mia na zaidi, anaitandaza kwenye mkondo inanasa planktoni, vile viumbe vidogo vinavyoelea majini, na chakula kinasukumwa kwa kamfereji kalikopita kila mkono mpaka mdomoni. Chini ana vikucha vya kushikia mwamba. Mchana wengi wanajikunja kwenye nyufa, usiku ndio wanapanda kula, na ukimchungulia kwa utulivu unaweza kuona uduvi mdogo wa rangi ile ile yake amejibanza ndani, huyo ni mpangaji wake.

Sasa ukimvuta mikono inakatika. Imeumbwa ikatike, ndio anavyomponyoka samaki. Najua kuna wa kuniambia "si itaota tena", ndio itaota, lakini ni wiki hadi miezi na muda wote huo anakula na mikono michache, na kesho boti lingine linakuja wanamshika yule yule. Na wewe wa ndoo unayetaka kumpeleka kwa tangi la nyumbani, atakufa njaa hapo sebuleni. Kuchoma hachomi, kule kunata ni vikulabu vya mikono yake.

Utaratibu naomba muusome wote. Ndani ya paki za baharini, kama Malindi, Watamu, Kisite, hakuna kutoa kitu, sio samaki, sio kombe, sio hata tumbawe lililokufa; kwa risavu, yaani hifadhi yenye masharti mepesi kuliko paki, kama Mpunguti, uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, hilo lisikuchanganye. Tiketi uliyolipa eCitizen, ule mtandao wa serikali, ni ya kuingia tu. Mtafiti anapata kibali cha maandishi kabla hajaingia majini, sio baada. Renja, yaani askari wa hifadhi, akikukuta na mnyama anaandika jina la boti, la kepteni na lako, anachukua maelezo, inaingia OB, kile kitabu cha matukio, na inaweza kufika kortini chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, faini ama kifungo hakimu ndio anaamua, kwa hivyo kunipigia simu nikuombee hakusaidii.

Lakini kama amekung'ang'ania mwenyewe kwenye nguo ya kuzamia, hapo huna kosa. Usimvute. Sogea karibu na mwamba utulie, ataachia mkono mmoja, kisha mwingine, mpaka ashike jiwe mwenyewe.