Kukamatwa Jumatano, Kijiweni Ijumaa: Dhamana, Mrejesho na Uhai wa Ulinzi Shirikishi

Katika mikutano ya ulinzi na usalama ya mitaa ambayo nimekuwa nikialikwa kutoa mada kwa miaka kadhaa sasa, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa, na mara nyingi muulizaji ni mama mtu mzima aliyekaa nyuma na kunyamaza tangu mkutano ulipofunguliwa. "Mwanangu," huanza, "yule kijana aliyemwibia jirani yangu simu tulimkamata wenyewe siku ya Jumatano, tukamfikisha kituoni. Ijumaa nimemkuta kijiweni anacheza drafti, tena akaniamkia. Nani amemtoa?" Watu hucheka wanaposikia kwamba kijana alimwamkia, lakini kicheko hicho hakidumu, kwa sababu kila mmoja pale ana Jumatano yake na Ijumaa yake. Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya ulinzi shirikishi na kamati za mitaa, na nimefikia kuamini kwamba mpango mzima wa Polisi Jamii husimama au kuanguka kwa namna swali la mama huyu linavyojibiwa. Doria, filimbi na mechi za kirafiki kati ya askari na vijana wa mtaa huja baada yake.

Kwa wasiofuatilia historia ya jambo hili, Polisi Jamii kama falsafa rasmi ya Jeshi la Polisi Tanzania ilishika kasi kuanzia mwaka 2006, wakati Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali. Wazo lilikuwa kwamba askari asisubiri kosa litendeke ndipo aende, bali awe ndani ya jamii mapema, ajue watu na mambo yao, na wananchi nao wachukue sehemu yao ya ulinzi. Baadaye likaja jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kaulimbiu zote, nalo ni kupangwa kwa wakaguzi wa polisi katika kata, na katika shehia kwa upande wa Zanzibar, ili wananchi wa eneo hilo wawe na afisa wao wanayemfahamu kwa sura na kwa namba ya simu. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 146, inazitaja serikali za mitaa kuwa na wajibu wa kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, hivyo mwenyekiti wa mtaa anapokaa meza moja na mkaguzi wa kata hamfanyii hisani.

Hata hivyo, ushirikiano wa wananchi katika ulinzi haukuanza mwaka 2006. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maeneo ya Wasukuma na Wanyamwezi, wizi wa mifugo na unyang'anyi ulikuwa umezidi, na silaha za moto zilikuwa zimeenea zaidi baada ya vita vya Kagera. Wanavijiji walipoona kwamba kituo cha polisi kiko mbali na mahakama iko mbali zaidi, wakaunda sungusungu. Yowe likipigwa, kila mwanamume mwenye nguvu alipaswa kutoka na upinde wake, na asiyetoka alitozwa faini au kutengwa. Serikali haikuwa na msimamo mmoja tangu mwanzo, lakini Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuwapa walinzi hao wa jadi nafasi ya kisheria ya kukamata wahalifu.

Nimeitaja sungusungu kwa sababu maalumu. Wazee niliozungumza nao kuhusu zama hizo hawaanzi kwa kusifu mishale, wala hawafichi kwamba watu walipigwa hadi kuumia, kwamba wengine walituhumiwa uchawi, na kwamba ugomvi wa mashamba uliweza kuvishwa sura ya wizi. Wanachokikumbuka kwa hamu ni kwamba mambo yalikwenda hadharani. Mtu aliyeibiwa ng'ombe alijua nani amekamatwa, amesema nini, ameamriwa kulipa nini na kwa siku ngapi. Jibu lilikuwa la haraka hata pale lilipokuwa la dhuluma. Polisi na mahakama wana jibu lililo bora zaidi kisheria, lakini mara nyingi hubaki nalo ndani ya jarada. Pengo kati ya jibu la haraka lisilo halali na jibu halali lisilotamkwa ndipo wanapozaliwa wale ambao magazeti yetu huwaita "wananchi wenye hasira kali", na tairi linapowashwa barabarani, mara nyingi utawasikia watu wazima wakisema, bila haya, kwamba wangempeleka kituoni angetoka kesho yake.

Kwa hiyo ni lazima kumjibu mama, na jibu ni dhamana. Kijana aliyekamatwa kwa tuhuma ya kuiba simu hajathibitika kuwa mwizi hadi mahakama iseme hivyo, na Katiba katika Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla ya hapo. Polisi hawana ruhusa ya kukaa naye watakavyo, kwa kuwa sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, na kama upelelezi haujakamilika na kosa lina dhamana, anaweza kuachiwa kwa kudhaminiwa na ndugu au jirani anayeaminika, akatakiwa kuripoti siku atakayopangiwa. Yako makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Wizi wa simu haumo humo. Kijana yule wa kijiweni basi hakutoroka, na huenda hakuna aliyepokea hata senti. Kesi inaendelea, na mama mwenyewe anaweza kuitwa kuwa shahidi.

Nasema "huenda" kwa makusudi. Sitawadanganya wasomaji kwamba rushwa haipo vituoni, na mkufunzi anayejaribu kuwaaminisha wananchi hivyo atachekwa kabla hajafika nusu ya mada. Lakini dhamana halali na rushwa, zikitazamwa kutoka kijiweni, zinafanana kabisa. Askari mwadilifu aliyefuata sheria na askari mwovu aliyeuza jarada huonekana sawa machoni pa mtaa, kwa kuwa wote wawili hawakusema neno. Anayefaidika na ukimya huo ni yule mwovu, na kila afisa mwadilifu angepaswa kuwa wa kwanza kuuvunja.

Katika kata moja ambako nilifanya kazi kwa muda mrefu tulijaribu jambo dogo. Mkaguzi wa kata alikuwa na daftari la kawaida la kuandikia taarifa za wananchi, lenye tarehe, mahali, maelezo na hatua iliyochukuliwa. Tukaongeza safu moja yenye kichwa "Amejulishwa lini". Kila aliyeleta taarifa alipaswa kupigiwa simu au kufuatwa na kuelezwa imefikia wapi, hata kama habari yenyewe ilikuwa kwamba hakuna kilichopatikana. Afisa alilalamika mwanzoni, na sikumlaumu, kwa sababu kumwambia mtu "hatujafanikiwa" ni kazi ngumu kuliko kumkimbiza kibaka. Baada ya miezi michache alinieleza kwamba watu walewale walioleta taarifa za kuku na ndoo za maji walianza kumletea habari nzito zaidi: nyumba inayoingiza pikipiki usiku wa manane, binti wa kazi asiyetoka nje na anayelia. Ninavyoelewa, walikuwa wakimpima. Mtu haleti siri yake kubwa kwa afisa ambaye hakumrudia kwa ile ndogo.

Kuna upande wa pili wa taarifa, nao ni siri. Mahali pengine, ambapo sitapataja, kijana mmoja alitoa habari za wauza dawa za kulevya, na kabla ya wiki kwisha wahusika walikuwa wakimtaja kwa jina lake na la baba yake. Hakuna aliyekiri kuvujisha. Kijana alihama, na mtaa ule haukutoa taarifa yoyote ya maana kwa muda mrefu, licha ya semina tulizofanya pale na soda tulizogawa. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini sheria hailindi jina lililotajwa kwa sauti kwenye kaunta mbele ya watu wanaosubiri RB, ile namba ya taarifa iliyoandikishwa kituoni. Ndiyo maana nasisitiza kwamba taarifa nyeti zisipokelewe mkutanoni. Sanduku la maoni nalo, ambalo mipango mingi hulipenda, halifai likifungwa mlangoni pa ofisi ya mtendaji, mahali ambapo kila anayepita anaona nani ametumbukiza karatasi.

Hapo linaingia suala la nani hasa anaongoza ulinzi shirikishi. Mfumo wa nyumba kumi ulianza miaka ya 1960 kama mashina ya TANU, chama tawala cha wakati huo, na tangu vyama vingi viliporejea mwaka 1992, balozi wa shina amebaki kuwa kiongozi wa chama, sasa CCM, huku mwenyekiti wa mtaa akiwa kiongozi wa serikali ya mtaa. Katika mitaa mingi tofauti hiyo ipo kwenye karatasi tu. Mkazi asiye wa chama hicho akiambiwa apeleke habari zake kwa balozi, anaweza kuamua kukaa nazo, na siwezi kumshangaa. Wakenya, waliotangaza mpango wao wa Nyumba Kumi mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate, walichukua jina kutoka kwetu lakini wakauegemeza zaidi kwa machifu na manaibu wao, ambao ni watumishi wa serikali. Nako kuna malalamiko ya aina yake, ila si haya ya kadi ya chama.

Vikundi vya doria nitavigusa kwa ufupi, kwa sababu vimeandikiwa sana. Mlinzi wa kikundi cha mtaa ni raia. Anaweza kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa, na anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kukawia. Hana mamlaka ya kupekua nyumba, kutoza faini, wala kumfungia mtu stoo mpaka asubuhi. Michango ya kila nyumba itolewe stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mkutanoni. Kikundi kisicholipwa kwa miezi mitatu na bado kinatoka usiku kinanitia wasiwasi zaidi kuliko kile kilichogoma.

Jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha ni takwimu. Mpango mzuri wa Polisi Jamii unapoanza kufanya kazi, makosa yanayoripotiwa huweza kupanda badala ya kushuka. Ukatili wa kijinsia ni mfano ulio wazi: yalipoanzishwa Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, wanawake ambao zamani wangeambiwa wakayamalize nyumbani walipata mahali pa kusemea, na kila aliyesema aliongeza tarakimu kwenye jedwali. Mkuu asiyelielewa hili atamwita mkaguzi wa kata na kumuuliza kwa nini eneo lake "limeharibika", naye mkaguzi, kwa kuwa ana familia, atajifunza haraka kutoandika kila kitu. Nikitaka kujua kama kata inaendelea vizuri, huuliza kwanza ni taarifa ngapi zimeletwa na watu waliowahi kuleta nyingine kabla, kisha kama mashahidi wanafika mahakamani. Idadi ya makosa huitazama mwisho.

Huangalia pia mambo yasiyohitaji askari kabisa. Kituo kimoja cha daladala kilikuwa na sifa mbaya ya uporaji wa simu alfajiri, na kamati ilikuwa imeomba doria mara kadhaa. Tulikwenda pale saa 11 alfajiri, mimi, mwenyekiti na afande, tukakuta kwamba abiria walikuwa wakijipanga kando ya kichaka kilichozidi urefu wa mtu, na chini ya nguzo ambayo taa yake ilikufa zamani. Kichaka kilifyekwa Jumamosi moja. Taa ilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na katika kusubiri mwenye duka la jirani alikubali kuwasha ya kwake. Vibaka hawakuisha mjini, ila pale kituoni waliacha kusimama.

Nimalizie na suala ambalo wasomaji wawili wameniuliza kwa ujumbe, la mafuta ya pikipiki. Mkaguzi wa kata anaweza kuwa na eneo kubwa na mafuta yasiyotosha, na wakazi wenye uwezo, kwa nia njema, hujitolea kumjazia. Ushauri wangu ni kwamba mchango wa namna hiyo usipitie mkononi mwake, bali uandikwe kwa mtendaji wa kata, usomwe mkutanoni pamoja na mapato mengine, na usiwe na jina la mtu mmoja. Nimeona kata ambako mfanyabiashara mmoja ndiye aliyekuwa akijaza tanki kila wiki, na doria, bila yeyote kuagiza, ikawa inaanzia na kuishia kwenye geti lake. Upande wa bondeni, walikokuwa wakiibiwa zaidi, waliisikia ile pikipiki kwa mbali tu.