Figo siyo tenki la mkojo jamani

Hapa Kigoma, vijiweni kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, utasikia mtu kabana haja ndogo anasema "figo zimejaa". Hapana, kilichojaa ni kibofu. Figo haitunzi mkojo, inautengeneza na kuutoa muda wote hata ukiwa umelala.

Kila figo ina vichujio kama milioni 1, vinaitwa nefroni, na kwa siku figo zote mbili zinachuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, alafu karibu yote yanarudi mwilini, inabaki lita 1 au 2 tu ndo mkojo. Huo unashuka kwa vimirija hadi kwenye ncha za piramidi zilizo ndani ya figo, kila ncha ina vitundu vidogo sana, mkojo unachuruzika humo unakingwa na vikombe vinavyoitwa kalisi, vidogo vinamwaga kwenye vikubwa, vikubwa kwenye pelvisi, ambayo ni kama faneli na inabeba mililita chache tu.

Toka hapo ureta, mrija wa sentimita 25 hadi 30, inajikamua yenyewe kuusukuma hadi kibofuni, na pale inapoingilia imepita kimshazari kwenye ukuta wa kibofu, kwahiyo kikijaa kinaibana, mkojo haurudi juu kirahisi.

Figo kujaa kweli ni pale njia imeziba, mfano kwa jiwe. Hapo nenda hospitali mapema, usingoje.