Ofuro: Maana ya Kuoga kwa Wajapani

Ofuro ni hodhi la maji ya moto ambalo Wajapani wengi hujitosa humo jioni, na jina hilohilo hutumika kwa huko kuoga kwenyewe. La kushika kwanza ni kwamba hodhi hilo si la kutolea uchafu. Mtu huingia akiwa ameshakoga na kujisuuza mpaka povu lote limekwisha.

Chumba kimejengwa kwa kufuata utaratibu huo. Choo kwa kawaida kiko chumba kingine. Sakafu ya bafuni inalowa yote, na pembeni pana bomba la mvua, kigoda kifupi na beseni dogo. Unakaa kigodani, unajisugua kwa kitambaa kirefu chembamba kinachofika mgongoni, unajimwagia maji, ndipo unaingia. Hodhi ni fupi lakini lina kina, hivyo unaketi umekunja magoti na maji yanakufika mabegani. Joto lake huwa kama nyuzi 40 hadi 42, na kwa asiyezoea dakika ya kwanza ni ngumu kweli.

Kwa kuwa kila anayeingia ni msafi, familia nzima hutumia maji yaleyale. Zamani baba mwenye nyumba ndiye aliyetangulia na mkewe akaoga mwisho. Siku hizi watu hupokezana kadiri ya shughuli zao, ila mgeni aliyelala hapo mara nyingi bado huambiwa aanze yeye. Mgeni asiyejua hilo huchomoa kizibo akimaliza, akidhani anaacha bafu safi, kumbe amewamwagia wenyeji maji yao! Anachotakiwa ni kurudisha mfuniko ili joto lisipotee. Kesho yake nyumba nyingi huyavuta maji hayo kwa pampu ndogo hadi kwenye mashine ya kufulia nguo, nami naona huo ni uwekevu wa kuigwa.

Kabla bafu za nyumbani hazijaenea, watu wa mijini walikwenda sento, bafu la umma la kulipia, wanaume upande wao na wanawake wao. Kwenye sento nyingi za Tokyo ukuta umechorwa Mlima Fuji, desturi inayosemekana kuanzia mtaa wa Kanda mwaka 1912. Sento zimepungua sana. Onsen ni jambo jingine: humo maji hutoka ardhini, na kwa sheria ya 1948 ni lazima yawe na nyuzi 25 au zaidi yanapotoka, au yawe na madini yaliyotajwa. Dogo, mjini Matsuyama, ni mojawapo ya zile za kale, na jengo lake kuu ni la 1894.

Majira nayo huingia majini. Siku yenye usiku mrefu kuliko zote, karibu na tarehe 22 Desemba, matunda ya yuzu yenye harufu kama ya ndimu huelea hodhini. Tarehe 5 Mei huwekwa majani marefu ya shobu, kwa ajili ya afya ya watoto.

Wazee wanahitaji uangalizi. Wakati wa baridi, kutoka chumba cha ubaridi na kuingia maji ya moto hubadilisha shinikizo la damu ghafla, na wapo wanaozimia na kuzama humo. Mamlaka za Japani hushauri chumba cha kuvulia nguo kipashwe joto kwanza, maji yasizidi nyuzi 41, na mtu asikae ndani zaidi ya dakika 10.