Wimbo Huo Hujaupakua

Binti wa dada yangu alinipigia simu akiwa ndani ya basi, wamekwisha ipita Iringa wanaelekea Njombe, sauti ya mtu anayetaka kulia. "Shikamoo mjomba. Nyimbo zangu zote zimekuwa za kijivu, nikibonyeza haziimbi." Ni nyimbo alizozipanga wiki nzima kwa ajili ya sherehe ya kumuaga rafiki yake anayeolewa. Malipo ya mwezi ya programu anayosikilizia yalikuwa yamekwisha usiku uliotangulia, na hakuona haja ya kulipa mapema kwa kuwa nyimbo, kwa imani yake, zilikuwa tayari ndani ya simu. "Si nilizipakua mwenyewe?"

Hakuzipakua. Na si yeye peke yake anayesema hivyo. Nalisikia neno hili, kupakua, kwa walimu, kwa madereva, hata kwa watangazaji wa redio, na kila mara kuna mtu anayekuja kuumia kwa sababu yake.

Maana yenyewe ni fupi. Kutiririsha muziki, ambako vijana wanakuita kustrimu, ni kusikiliza wimbo unaokaa kwenye kompyuta za kampuni na kukufikia kidogo kidogo kwa intaneti kadiri unavyousikiliza. Kupakua ni kuchukua faili zima likakaa kwako.

Sasa tulitazame hilo neno kupakua, maana lina heshima yake na limetoka mbali na simu. Mwenzake ni kupakia. Kiswahili kina kawaida ya kukipindua kitendo kwa kugeuza mwisho wa neno: unaanika nguo kisha unazianua, unafunika chungu kisha unakifunua, unachomeka kisha unachomoa. Vivyo hivyo jahazi hupakiwa shehena Zanzibar, likifika Tanga makuli wakaipakua. Na jikoni tunasema hivyo hivyo: wali ukiiva unapakuliwa, unatoka sufuriani unaingia kwenye sahani au sinia. Pwani na bara, nahodha na mpishi, wote wanaelewana.

Angalia kinachofanana katika hayo mawili. Shehena ikishapakuliwa, jahazi linaweza kung'oa nanga na kwenda zake. Magunia yamebaki gatini. Wali ukishafika kwenye sahani yako, mpishi hana tena la kuufanya. Kupakua maana yake kitu kimetoka kwa aliyekileta na kimebaki kwa aliyekipokea. Waliochagua neno hili kwa mambo ya kompyuta walichagua vizuri sana, kwa sababu faili la MP3 linapopakuliwa ndivyo linavyokuwa. Unaweza kulitia kwenye flashi, ukamrushia mtu kwa Bluetooth, ukalisikiliza miaka kumi baadaye bila kumuuliza mtu.

Zile nyimbo za kijivu hazikuwa hivyo. Ule mshale unaoelekea chini ndani ya programu ya kulipia hauleti faili la MP3. Unaleta nakala iliyofungwa kwa kufuli, na ufunguo unabaki kwa kampuni. Chukua Spotify, moja ya programu hizo za muziki: anayelipia anaruhusiwa kuhifadhi hadi nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, visizidi vifaa 5, lakini lazima simu iingie intaneti angalau mara moja kila siku 30 ili kampuni ihakikishe kwamba bado analipa. Usipoingia, unazikosa nakala hizo. Jahazi limerudi na shehena yake.

Mkanganyiko huu una chanzo. Apple ilipofungua duka lake la nyimbo mwaka 2003, ulinunua wimbo mmoja kwa senti 99 za Marekani ukaupakua, na kuanzia 2009 nyimbo za duka hilo zikauzwa bila kufuli. Huko maneno kununua na kupakua yalikuwa mahali pake. Spotify, iliyoanzia Sweden, ilifungua milango mwaka 2008 kwa biashara ya namna nyingine: huuziwi wimbo, unalipia ruhusa ya kuingia ghalani. Apple yenyewe ikafuata njia hiyo mwaka 2015 kwa Apple Music. Biashara ikabadilika, sisi tukaendelea na maneno ya duka.

Ushindani ndio umeuzidisha mkanganyiko huo. Spotify ilipoingia Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, ilimkuta Boomplay, programu nyingine ya muziki, amekwisha jijenga, akiwa anakuja ndani ya simu za Tecno tangu zinatoka dukani. Ghala za hawa wote zinafanana mno. Apple ilitangaza nyimbo milioni 100 mwaka 2022, na kwa msikilizaji wa kawaida tofauti ya ghala na ghala haionekani. Kwa hiyo wanagombania mambo mengine, na kwetu, ambako bando ni gharama ya kuhesabia, jambo lenye mvuto kuliko yote ni kusikiliza bila intaneti. Spotify inawapa nafasi hiyo wanaolipia tu. Hiyo ni huduma nzuri, nami naitumia. Ila mtu akiambiwa kwamba hiyo ni kupakua, anaamini analipia shehena, kumbe analipia ghala lisifungwe.

Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia Kenya, ndiyo inayonisaidia kuonyesha tofauti. Yenyewe iliwaachia watu wachukue MP3 bure na kuingiza matangazo ndani ya faili. Hapo sawa, mtu akisema amepakua, amepakua.

Tena kufuli si la malipo peke yake. Mwaka 2022 mwanamuziki Neil Young aliondoa nyimbo zake Spotify kwa kupinga maneno yaliyokuwa yakisemwa kuhusu chanjo ya korona katika kipindi cha mazungumzo cha Joe Rogan kilichokuwa kikisikika Spotify, na hakurudi hadi 2024. Msikilizaji aliyekuwa akilipa kila mwezi bila kukosa, naye alizikosa nyimbo hizo huko. Aliyekuwa na faili lake hakuguswa.

Binti yetu alilipia basi liliposimama Makambako watu wakila, na nyimbo zikarudi zote kwa mpangilio wake. Zilikuwa mle mle simuni muda wote, ila hakuwa na ruhusa nazo.

Nami ombi langu ni dogo. Wimbo wa kwenye programu ya mwezi tuseme nimeuhifadhi, na pesa yake tuseme nimelipia, tusiseme nimenunua. Kiswahili kimetupa kununua na kulipia mbali mbali: shamba unalinunua, chumba cha kupanga unakilipia. Na wimbo ambao lazima upigwe bibi harusi anapoingia ukumbini, huo utafute mahali unapouzwa au kutolewa kwa halali kama faili, upakue kwelikweli, umkabidhi DJ kwenye flashi kabla hujapanda basi.